Kabla ya mashine mpya, tuulize fundi na spea

Mfanyabiashara wa Mpondwe anayetaka kununua lori haanzi kwa kuangalia rangi. Anauliza injini ni ya aina gani, fundi anayeijua yuko wapi, na kama spea zake zinapatikana Kasese au itabidi apande basi hadi soko la Kisekka, Kampala. Akiambiwa lori ni zuri ila spea zake huagizwa ng'ambo na husubiriwa miezi mitatu, anashukuru na kwenda zake. Mwenye mashine ya kusaga unga hapa Bwera hufanya vivyo hivyo. Anajua kwamba siku mkanda ukikatika na hakuna mwingine wa akiba, wateja watahamia kwa jirani kabla ya saa sita mchana.

Busara hiyo tunaiacha mlangoni tunapoingia hospitali. Mashine ya ultrasaundi ikiletwa, tunapiga makofi. Mgeni rasmi anakata utepe, picha zinapigwa, na gazeti linaandika thamani yake kwa mamilioni ya shilingi. Hakuna anayeinua mkono kuuliza: kichujio chake kikiziba, nani atakibadilisha? Kinauzwa wapi? Fedha za kukinunua zimeandikwa kwenye fungu gani la bajeti?

Hoja yangu ni moja. Katika hospitali zinazohudumia mpaka huu, shilingi ya kwanza iende kwenye kuhesabu, kutunza na kutengeneza mashine zilizopo. Tukishamaliza hapo ndipo tuombe nyingine. Na watu wanaofaa kulidai jambo hili ni ninyi mnaovuka daraja la mto Lhubiriha kila wiki, kwa sababu mnaijua hesabu yake kuliko mtu yeyote aliye ofisini, na kwa sababu mashine ikifa hasara yake huwafikia mapema.

Vifaa vidogo vilivyolinda mpaka

Tukumbuke yaliyotokea hapa. Tarehe 1 Agosti 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wa Ebola katika Kivu Kaskazini. Hadi ulipotangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamefariki. Beni na Butembo, miji ambayo wengi wenu mna wateja na wadeni wenu huko, ilikuwa katikati ya janga hilo.

Juni 2019 ugonjwa ulivuka. Mtoto wa miaka mitano aliyetoka Kongo na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando, wahudumu wakashtuka mapema, akahamishiwa kitengo cha kutengwa cha Hospitali ya Bwera. Sampuli ilipelekwa Entebbe, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, na tarehe 11 Juni habari ikathibitishwa. Mtoto huyo alifariki, na baadaye nyanya yake na mdogo wake. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo, msichana wa miaka tisa aligunduliwa palepale Mpondwe alipokuwa akipimwa kwenye kituo cha mpakani. Naye alitengwa Bwera, na siku mbili baadaye akafariki.

Misiba hiyo ilikuwa mizito, lakini Ebola haikusambaa Kasese. Mpaka haukufungwa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza dharura ya kimataifa Julai 2019, lilishauri nchi zisizuie safari wala biashara, na Uganda iliweza kuufuata ushauri huo kwa sababu ilikuwa na njia ya kumwona mgonjwa kabla hajaingia sokoni. Chumvi ya Katwe iliendelea kwenda, mawese na vitenge viliendelea kuja.

Njia hiyo ilitegemea nini? Kwanza ilitegemea watu, wahudumu na watu wa kujitolea waliosimama juani mchana kutwa. Lakini watu hao walikuwa na vifaa mkononi: vipimajoto vya kuelekezwa kwenye paji la uso, madumu ya maji yenye klorini, masanduku ya baridi ya kusafirishia sampuli. Nyuma yao kulikuwa na majokofu ya chanjo. Kuanzia Novemba 2018, kabla hata mgonjwa mmoja hajapatikana nchini, Uganda ilianza kuwachanja wahudumu wa afya katika wilaya za mpakani. Chanjo ile hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri. Friji la soda halifiki huko. Jokofu la namna hiyo likikosa umeme, na asiwepo mtu anayelitazama, shehena nzima ya chanjo huanza kuhesabiwa siku.

Sasa linganisha na mwaka 2020. Korona ilipoingia, Uganda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri mwezi Machi na kuruhusu mizigo tu. Mwenye lori alipita. Mama mwenye kikapu cha nyanya alibaki upande mmoja na wateja wake upande mwingine. Hata kwa malori, uwezo wa kupima ulipozidiwa, tuliona foleni za Malaba zikienda kilomita kadhaa huku madereva wakisubiri majibu ya maabara. Jumuiya ya Afrika Mashariki iligawa maabara 9 za kuhamishika kwa nchi wanachama mwaka huo, na Kongo wakati ule haikuwa mwanachama. Somo kwa mfanyabiashara ni hili: penye kifaa cha kupima kinachofanya kazi, mpaka una nafasi ya kubaki wazi. Pasipo nacho, serikali hushika kufuli.

Kwa hiyo kipimajoto chenye betri iliyokufa pale Mpondwe si habari ya wauguzi peke yao. Ni habari ya mzigo wako. Na dharura ikiisha, mashirika yaliyoleta vifaa hufunga ofisi na kuondoka. Vifaa hubaki. Kuanzia siku hiyo, swali ni nani anavimiliki, nani anavitunza, na kwa fedha ipi.

Zinaharibika kwa mambo madogo

Wengi wetu tunaamini kwamba mashine za hospitali hulala kwa sababu ni ngumu mno, zinahitaji mhandisi kutoka Ujerumani na spea kutoka Japani. Utafiti unasema vingine.

Mwaka 2011, Lora Perry na Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha hesabu ya vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo. Kwa wastani, asilimia 38.3 havikuwa vikifanya kazi. Ukipewa magunia kumi ya maharage na manne yakawa yameoza, utafanya biashara gani? Mwaka mmoja kabla yake, Malkin na mwenzake Allison Keane walikuwa wameonyesha upande wa pili. Waliangalia maombi 2,849 ya matengenezo kutoka hospitali 60 katika nchi 11. Kati ya vifaa 2,529 vilivyokuwa vimelala, 1,821 vilirudishwa kazini, yaani asilimia 72, kwa kutumia vitu vilivyopatikana palepale, bila spea hata moja ya kuagizwa nje.

Angalia walichohitaji kujua ili kuvitengeneza. Umeme wa kawaida. Mambo ya bomba na maji. Vyuma na skrubu. Mota. Vifaa vya kuingizia umeme kwenye mashine. Na robo nzima ya kazi ilikuwa kuifunga mashine vizuri au kumfundisha mtumiaji namna ya kuiendesha. Maana yake, mashine moja kati ya kila nne zilizofufuliwa haikuwa mbovu hasa, ila hakuna aliyemwonyesha muuguzi jinsi ya kuitumia, au ilifungwa vibaya tangu mwanzo.

Nani katika wilaya hii hajui fundi wa bomba, fundi wa umeme, kijana anayefunga mota za mashine za kusaga? Wako Kasese mjini, wako Hima, wako Bwera. Siwaambii waingie wodini na bisibisi kesho. Mashine ya hospitali inagusa uhai, na fundi wake lazima afunzwe, asajiliwe na asimamiwe. Ninachosema ni kwamba umbali kati ya ujuzi tulio nao na ujuzi unaotakiwa ni mfupi kuliko tunavyoambiwa.

Chukua mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumba na kuchuja oksijeni ampe mtoto mwenye nimonia. Ina kichujio cha sponji kinachotakiwa kuoshwa mara kwa mara. Vumbi la barabara ya Mpondwe mnalijua. Kichujio kisipooshwa, mashine inahema, inapata joto, na hewa inayotoka inapungua oksijeni wakati taa ya kijani inaendelea kuwaka. Mama aliyekaa pembeni ya kitanda anaona mashine inanguruma, anaamini mtoto anasaidiwa. Kifaa cha kupimia ubora wa oksijeni inayotoka ni kidogo, kinaingia kwenye mfuko wa koti. Hospitali isiyo nacho haiwezi kujua.

Chukua umeme wenyewe. Umeme wa Uganda ni wa volti 240, na soketi zetu ni za pini tatu za bapa, urithi wa Mwingereza. Kongo wanatumia volti 220 na plagi za pini za mviringo, urithi wa Mbelgiji. Mashine iliyotoka hospitali ya Marekani ilitengenezwa kwa volti 120. Ukiichomeka ukutani Bwera bila kigeuzi, inakufa siku hiyohiyo. Ukikata plagi na kuunga nyaya kwa mkono, kama tunavyofanya kwa redio, unaweza kupoteza waya wa ardhini unaomlinda mgonjwa. Na umeme unaocheza, unaopanda ghafla unaporudi baada ya kukatika, huunguza saketi ya mashine ya mamilioni kwa kukosa stabilaiza ambayo bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya mashine.

Kuna pia mashine ambayo kila mtu anajua itachoka, ikachoka, na nchi ikashtuka. Mashine pekee ya mionzi ya kutibu saratani ya Uganda, iliyokuwa Mulago tangu 1995, iliharibika mwanzoni mwa mwaka 2016 isiweze kutengenezwa tena. Mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa karibu miaka miwili, mgonjwa wa saratani aliyehitaji mionzi alilazimika kutafutiwa nafasi Nairobi au kwingine, na asiyeweza alibaki nyumbani. Mashine ya miaka ishirini inatangaza kifo chake mapema. Kinachokosekana ni daftari linaloandika umri wake na bajeti inayoisikiliza.

Malori matano ya aina tano

Mwenye malori matano hununua ya aina moja kama anaweza. Fundi mmoja anayajua yote, spea za moja zinaingia kwenye jingine, na lori lililokufa kabisa huwa ghala la vipuri vya mengine. Hospitali zetu hazina nafasi hiyo, kwa sababu nyingi ya mashine zao huja kama zawadi. Mfadhili wa kwanza analeta za Uchina, wa pili za Ujerumani, wa tatu analeta zilizotolewa kwenye hospitali iliyofungwa mahali fulani Ulaya, zenye maelezo kwa lugha ambayo hakuna muuguzi wa Kasese anayeisoma. Kila moja ina katriji yake, karatasi yake na betri yake.

Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo wa zawadi za vifaa tiba, na kiini chake ni rahisi: mpokeaji aulizwe kwanza anahitaji nini, mashine ije na maelezo, spea na mafunzo, na mpokeaji awe na haki ya kukataa. Neno la mwisho ndilo gumu kwetu. Tumelelewa kwamba zawadi haikataliwi. Lakini mfanyabiashara anajua kwamba mzigo usiouzika, hata ukipewa bure, unakula nafasi ya stoo. Mashine iliyokufa inakula zaidi ya stoo. Inakula chumba cha wagonjwa, na inakula jina la hospitali, kwa sababu mwananchi anaiona na kujiuliza kwa nini haimpimi.

Hapa niseme na ninyi wafanyabiashara wakubwa, pamoja na ndugu zetu walio nje ya nchi wanaotuma makontena. Nia yenu ni njema. Mkitaka kuchangia hospitali, anzeni kwa kumwuliza msimamizi wa vifaa anakwama wapi. Mara nyingi jibu litakuwa dogo na lisilo na picha nzuri: stabilaiza kumi, betri za akiba, vichujio vya mwaka mzima, nauli ya fundi. Toeni hivyo.

Karakana iko mbali, mgonjwa yuko karibu

Mpangilio wa serikali upo. Wizara ya Afya ina karakana kuu ya vifaa tiba Wabigalo, Kampala, na karakana za kanda. Kasese inahudumiwa na karakana ya kanda iliyoko Fort Portal, pamoja na wilaya nyingine za Rwenzori kama Bundibugyo, Ntoroko, Kyenjojo na Kamwenge. Kutoka Bwera hadi Fort Portal ni zaidi ya kilomita 100. Mafundi wachache wanagawanywa kwa vituo vingi, milimani na mabondeni. Mashine ikilala Bwera Jumatatu, inasubiri foleni, gari na mafuta ya gari. Sisemi hivyo kuwalaumu mafundi hao. Ni kama kumpa fundi mmoja wa Fuso malori yote ya barabara ya Mpondwe hadi Kyenjojo.

Sasa weka juu yake mzigo wa mpaka. Hospitali ya Bwera haihudumii Kasese tu. Mgonjwa wa Kasindi akizidiwa usiku, Bwera iko karibu kuliko Beni. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule wana lugha inayoelewana na undugu wa damu, wanaoana na kuzikana, na hakuna anayemkataza shangazi yake kuvuka kwenda kujifungua. Usiku wa Juni 2023, waasi waliposhambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha hapa Mpondwe na kuua wanafunzi, ni Bwera ilikopelekwa miili na majeruhi. Hospitali hii ya wilaya inabeba kazi ya mpaka mzima.

Wapo wanaouliza: kwa nini kodi ya Mganda itengeneze mashine inayompima Mkongomani? Ni swali halali na lijibiwe kwa hesabu. Mashine haisomi kitambulisho. Inahesabu kazi. Lori hubadilishiwa oili kwa kilomita lilizokwenda, halibadilishiwi kwa idadi ya watoto wa mwenye lori. Mashine ya maabara inayopima watu wa pande mbili za mto inachakaa mara mbili kwa haraka, na ratiba yake ya matengenezo ikipangwa kwa idadi ya wakazi wa wilaya peke yao, itavunjika kabla ya siku yake. Aliyevunjikiwa ni Mganda pia. Na yule mgonjwa wa Kasindi mnayemwona kwenye foleni leo, wiki ijayo ndiye mteja wa unga na saruji yenu. Hatuwezi kutaka fedha yake sokoni na kumfungia mlango wodini. Kama kuna gharama, jibu ni kuziweka nchi mbili kwenye meza moja. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Meza ipo.

Kwa nini spea ipate taabu mpakani?

Hili ndilo eneo mnalolijua kuliko waandishi wa sera. Sheria ya usimamizi wa forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inasamehe ushuru vifaa vya hospitali, kwa masharti yake. Lakini msamaha huo unatembea juu ya karatasi. Kontena la wizara lina wakala na barua. Betri nne na fyuzi kumi ndani ya begi la fundi havina barua. Ofisa wa forodha anaona betri, na betri ni betri. Haiwezi kumwambia kwamba inakwenda kwenye mashine ya oksijeni ya watoto.

Matokeo yake, kituo cha afya cha Kasindi kinaweza kuwa na mashine ya aina ileile iliyopo Bwera, spea ikawa ng'ambo ya mto, na bado kila upande ukaagiza peke yake kutoka mbali, Kampala zaidi ya kilomita 400 au kupitia Beni na Butembo. Wafanyabiashara wadogo wana mpango wa biashara rahisi, wa COMESA na wa Jumuiya, kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Orodha hizo tunazijua kwa mazao na bidhaa za nyumbani. Ziongezwe spea na vitumikavyo vya hospitali: vichujio, mirija, balbu za hadubini, fyuzi, betri, stabilaiza. Shehena ya namna hiyo aghalabu haifiki dola 2,000, na ingepita kwa fomu moja.

Lakini haki hii inakuja na wajibu, na hapa tusidanganyane. Mashine ya kupima presha ikiuzwa juu ya meza ya soko bila nembo ya kueleweka wala mtu wa kuihakiki, mgonjwa atapewa namba ya uongo, atakunywa dawa asizohitaji au ataacha anazohitaji. Betri bandia kwenye tochi inakuacha gizani. Kwenye kifaa cha hospitali inaua. Kama tunataka njia ya haraka kwa spea, chama cha wafanyabiashara kiwe cha kwanza kumtaja muuzaji wa bidhaa bandia. Tukimficha, forodha watakuwa na sababu ya kutufungia sote.

La kudai, na pa kulidai

Kwanza, daftari. Kila hospitali na kituo cha afya cha daraja la nne kiwe na orodha ya mashine zake: aina, mwaka, nani aliitoa, inafanya kazi au imelala, na imelala tangu lini. Ukurasa wake mmoja ubandikwe kwenye ubao wa matangazo kila robo mwaka. Faida ya daftari tuliiona kwa machungu ya Kilembe. Mto Nyamwamba ulifurika mwaka 2013, na Mei 2020 ukarudi ukaipiga Hospitali ya Migodi ya Kilembe kwa maji na mawe hadi wagonjwa wakahamishwa. Mwenye duka lililosombwa na maji anajua kwamba asiye na orodha ya mali hawezi kudai alichopoteza, wala hajui aanze kununua nini.

Pili, fundi wa vifaa tiba anayeishi Bwera, mwenye chumba, vyombo vya kazi na pikipiki, anayehudumia pia vituo vya Lhubiriha na milimani, na anayeripoti Fort Portal kwa mambo makubwa. Kwa mambo yale ya maji, umeme na vichujio, asisubiri mtu.

Tatu, fungu la matengenezo lenye jina lake kwenye bajeti. Kipimo kinachotumika na wataalamu ni kati ya asilimia 5 na 10 ya bei ya mashine kwa mwaka. Tukisikia mashine ya shilingi milioni 100 imeletwa, tuulize papo hapo milioni 5 hadi 10 za kila mwaka zitatoka wapi. Kama hakuna jibu, mashine hiyo bado haijalipiwa.

Nne, orodha fupi ya aina za mashine ambazo wilaya inapokea, ikubaliwe pamoja na Kagando, Kilembe na wenzao wa Kasindi na Beni, ili mafundi na spea waweze kusaidiana ng'ambo ya mto.

Nitaambiwa serikali haina fedha. Ndiyo maana hoja hii ianze kabla ya ile ya kununua. Kufufua mashine iliyolala ni rahisi kuliko kununua mpya, na asilimia 72 ya zile zilizochunguzwa zilifufuliwa kwa vitu vya dukani. Mwenye fedha chache ndiye anayepaswa kutengeneza kwanza.

Nitaambiwa pia kwamba haya ni mambo ya madaktari. Vituo vya afya vina kamati za usimamizi zenye wajumbe wa jamii, na hospitali zina bodi. Wafanyabiashara wa Mpondwe wana chama, wana viongozi, na wanajua kuhesabu. Ombeni kiti. Mkikipata, msipoteze kikao kwa hotuba. Ulizeni maswali matatu, na muulize tena kikao kinachofuata: mashine ngapi tunazo, ngapi zimelala leo, na kila iliyolala inasubiri kitu gani cha shilingi ngapi? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, yabandikwe getini, ili anayetoka Kasindi na anayetoka Kasese wayasome pamoja.